Ghorofa Tano za Market Street

Kijana wa mlangoni alituomba vitambulisho. Nilimpa leseni yangu ya udereva, akaiweka kwenye kimashine, kimashine kikalia, akanirudishia. Kisha akapokea cha Mzee. Sheria ya California inataka kila anayeingia humo awe ametimiza miaka 21, na hata mtu wa miaka 74 anayetembelea fimbo huonyesha kitambulisho kama wengine. Mlango wa pili ukafunguka. Mimi, mtoto wa Bukoba, nikaingia kwa mara ya kwanza maishani katika chumba ambacho watu huketi na kuvuta bangi kwa kibali cha serikali.

Ilikuwa Oktoba 2024, hapa San Francisco. Mzee ni mtu ninayemhudumia nyumbani kwake tangu 2016. Watanzania tulioko huku kazi zote za mikono tunaziita kubeba boksi, lakini mimi sibebi boksi, nabeba mtu. Namwamsha, namkanda miguu, nampangia vidonge, nampeleka kliniki. Nilimfundisha salamu yetu mwaka ule wa kwanza. Kila asubuhi nikifungua mlango nasema shikamoo, naye huitika marahaba kwa sauti ya mtu anayejua thamani ya kufikia umri wa kuamkiwa. Haya nayaandika kwa ruhusa yake, bila jina lake.

Siku chache kabla ya hapo alikuwa amesoma gazetini kwamba Gavana Gavin Newsom ametia saini sheria mpya: kuanzia Januari 2025, sebule za bangi zitaweza kuuza chakula kilichopikwa na kuweka muziki jukwaani, pale ambapo jiji limekubali. Mwaka uliotangulia gavana huyo huyo aliukataa muswada kama huo, akihofia moshi utakaovutwa na wafanyakazi. Mzee alikunja gazeti akaliweka magotini. "Nipeleke," akasema. "Nataka nione wamebakiza nini."

Zamani nisingethubutu. Kwetu tulilelewa tukijua kwamba mvuta bangi ni mtu aliyekwisha kupotea. Mtoto akiwa mkaidi anaulizwa kama amevuta bangi. Mtu akisema neno lisiloeleweka, jibu ni hilo hilo. Jina lenyewe lilitufikia kwa njia ya bahari. Bara Hindi wanauita mmea huo bhang tangu kale, na jina likavuka na majahazi, likashuka pwani yetu, likapanda bara pamoja na mbegu zake. Aibu iliyolizunguka ilikuja kukazwa baadaye na sheria za wakoloni na mikataba ya mataifa, ukiwemo ule wa Geneva wa 1925 ulioiweka bangi katika kundi la afyuni.

Na huku mhamiaji ana hofu yake ya pekee. Jimbo linaruhusu, serikali ya shirikisho inakataza, na uraia unatolewa na serikali ya shirikisho. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo ikisema waziwazi kwamba kuvuta bangi, au hata kuajiriwa katika biashara ya bangi, kunaweza kumnyima mtu uraia kwa kukosa mwenendo mwema, hata kama jimbo lake halioni kosa. Wakati huo nilikuwa na kadi ya kijani. Mzee alipoletewa mzigo wake nyumbani, mimi nilitoka nikasimama ngazini mpaka aliyeuleta aondoke. Nilikula kiapo cha uraia 2021. Kwa hiyo nilipovuka ule mlango wa pili nilikuwa naiacha nje hofu ya miaka 15, na nilikuwa nimeamua kwamba mimi sitavuta. Nilikuwa dereva wake siku hiyo, na anayeendesha gari hana haki ya kugusa kitu chochote cha kumlegeza.

Ndani palikuwa na utulivu ambao sikuutarajia. Viti vya ngozi, meza fupi, taa za manjano, na juu darini mitambo ya kunyonya moshi ikinguruma kwa sauti ya chini. Madirisha yalikuwa yamefunikwa, kwa kuwa sheria inakataza mtu wa barabarani kuona yanayofanyika ndani. Hapakuwa na pombe wala sigara. Navyo sheria inavikataza. Kwenye kaunta mitungi ya kioo imejipanga kama dukani kwa Mwarabu wa viungo, na kila kitu kimeandikwa kipimo chake. Pipi moja ni miligramu 10 za kile kilevi kilichomo kwenye bangi, pakiti nzima haizidi 100, na mtu mzima haruhusiwi kununua zaidi ya gramu 28.5 za majani kwa siku.

Mzee alinunua gramu moja. Mhudumu, binti mpole mwenye glavu nyeusi, akaleta mezani mashine ya chuma yenye umbo la kichuguu. Akayasaga majani, akayatia kwenye kikombe chake, akaifunika. Mashine ile haiunguzi majani, inayapasha tu joto hadi yatoe mvuke. Juu yake ukapachikwa mfuko mwembamba wa plastiki, umelala kama nguo iliyoanuliwa kambani. Polepole ukaanza kujaa, ukainuka, ukasimama wima, mweupe, ukitetemeka. Binti akauchomoa, akachana karatasi ya kipande kipya cha mdomoni, akakichomeka, akampa Mzee mfuko mzima mikononi. Kila mteja na kipande chake, akatueleza, na kikishatumika hutupwa.

Mzee akakitazama kile kipande kwa muda. "Sisi," akasema, "tulikuwa tunatumia kimoja."

Watu wengi hudhani sebule hizi zimeigwa Amsterdam. Ni kweli kwamba Waholanzi walitangulia kuwa na vibanda vya namna hiyo. Mellow Yellow ilifunguliwa Amsterdam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1976 Uholanzi ilibadili sheria yake ya afyuni ikaitenga bangi na dawa kali zaidi. Lakini hata leo duka la kule linavumiliwa tu. Mteja anauziwa hadi gramu 5, nalo duka linapata mzigo wake kwa mlango wa nyuma. Mzee hakubali kwamba hii ya California ni mtoto wa ile. Anasema ya kwao ilizaliwa wodini. Nimesoma, nimeuliza, nimemsikiliza jioni nyingi, na naamini anasema kweli.

Mwaka 1981 madaktari wa Los Angeles waliripoti vijana watano waliokuwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida, na punde ugonjwa ule ukaonekana San Francisco, hasa mtaa wa Castro. Vijana wa kiume waliokuwa wamehamia mtaa huo ili waishi bila kujificha wakaanza kukonda, kutoka madoa ya zambarau na kufa. Hospitali kuu ya jiji ilifungua kliniki ya wagonjwa hao, Wodi 86, Januari 1983, na miezi michache baadaye Wodi 5B kwa ajili ya kulaza. Wauguzi wa 5B walijitolea wenyewe kuja pale, wakaamua kuwashika wagonjwa kwa mikono mitupu na kukaa vitandani pao. Jambo hilo lilikuwa habari, kwa sababu kwingine sinia la chakula liliachwa nje ya mlango wa mgonjwa.

Mwaka huo huo wa 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walipatikana mkoani kwetu, Kagera. Sisi hatukuuita UKIMWI. Tuliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuwa yakija na wafanyabiashara kutoka Uganda baada ya vita vyetu na nchi hiyo, kwa kuwa waliokuwa na uwezo wa kuyavaa ndio walioanza kuondoka. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akipita mpakani Mutukula na mizigo, na alikuwa na shati la Juliana la rangi ya maziwa ambalo mimi nilikuwa nalipiga pasi ya mkaa.

Mjomba alirudi nyumbani kwa bibi mwaka 1987 akiwa amebaki mifupa. Bibi alimpikia ndizi laini, akamkorogea uji wa ulezi, akamkaangia senene msimu ulipofika. Kila sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Kisha bibi akanunua kikombe cha bati cha buluu chenye ukingo mweusi, akapigilia msumari wa pekee nyuma ya mlango wa kibanda cha uani, akakitundika pale. Kile kikawa kikombe cha mjomba. Hakuna mtu mwingine aliyekigusa ila bibi, naye alikuwa akikiosha mwishoni, peke yake.

Wahaya tuna desturi ya kahawa ya kutafuna. Mgeni akifika hupelekewa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa, mwenyeji anachukua, mgeni anachukua, na kikapu kinazunguka. Kupewa kahawa ni kuambiwa wewe ni mtu wetu. Mwaka ule niliona wageni wakija kumjulia hali mjomba, wanasimama uani, kikapu kinazunguka kwao, halafu kinarudi ndani bila kufika kibandani. Nilikuwa na miaka 11, na nilielewa. Mjomba alikufa mwanzoni mwa 1988. Kikombe kilizikwa naye.

Nilipomsimulia Mzee habari hiyo, mwaka wetu wa pili pamoja, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema hata yeye alikuwa na kikombe chake nyumbani kwa wazazi wake. Baada ya hapo ndipo alipoanza kunihadithia juu ya Mary.

Jina lake lilikuwa Mary Jane Rathbun, mzaliwa wa Chicago wa 1922, mhudumu wa mikahawa kwa muda mwingi wa maisha yake. Binti yake wa pekee alifariki katika ajali ya gari miaka ya 1970. Mary alikuwa akioka nyumbani vipande vya keki nzito ya chokoleti, brownie, akivitia bangi, akiviuza kuongezea pensheni yake. Januari 1981 polisi walimkamata kwake na ratili 18 za bangi na dazeni 54 za keki. Mahakama ikamhukumu kufanya saa 500 za huduma ya kujitolea. Saa hizo zilimkutanisha na vijana waliokuwa wameanza kuugua. Alipozimaliza, hakuacha. Akawa anajitolea Wodi 86, akisukuma vitanda na kupeleka sampuli maabara, na mfukoni au kikapuni ana keki zake kwa wale waliokuwa hawawezi kula.

Nieleze kwa nini keki, maana hapa ndipo penye kiini. Dawa ya AZT ilipotoka 1987 iliwatia wengi kichefuchefu. Ugonjwa wenyewe uliwala nyama. Mtu alikuwa akifa kwa njaa akiwa na sahani mbele yake, kama mjomba. Bangi ina tabia ambayo kila mvutaji wa kijiweni anaijua: inaleta njaa. Kile kilichokuwa kichekesho cha vijana kikawa, kwa watu wale, tofauti ya kula na kutokula. Mzee alikuwa na kilo 80 mwaka 1986. Mwaka 1993 alikuwa na 49. Anakumbuka siku aliyokula nusu ya keki ya Mary saa nne asubuhi, na saa saba akaomba mayai. Mwenzi wake aliyakaanga huku akilia.

Mary aliwaita wote watoto wake. Hakuwatoza. Wakulima wa bangi wa California ya kaskazini walimpa majani bure, na wenye kuhitaji walipomzidi uwezo, akawa anaandika majina yao, anayatia kwenye mtungi wa biskuti na kuyachomoa kama kura. Alikamatwa tena 1982, na mara ya tatu 1992, akiwa na miaka 69, katika kijiji cha Cazadero. Mara hii jiji lilisimama naye. Baraza la jiji liliitangaza tarehe 25 Agosti 1992 kuwa siku ya Brownie Mary, na mashtaka yakaja kufutwa. Daktari mmoja wa Wodi 86, Donald Abrams, alianza kutafuta ruhusa ya kuifanyia bangi utafiti wa kweli kwa wagonjwa wa UKIMWI. Serikali ya shirikisho ilimzungusha miaka mitano.

Huyo ni Mary, aliyepeleka dawa kitandani. Aliyejenga sebule ni Dennis Peron.

Peron alizaliwa New York 1945, akatumikia jeshi la anga Vietnam, akarudi na bangi kwenye mfuko wake wa kijeshi, akahamia Castro. Alikuwa muuza bangi, na sitaki kumpamba kwa jina lingine. Mwaka 1977 polisi walipovamia nyumba yake, mmoja wao alimpiga risasi ya paja. Lakini Januari 1990 walipovamia tena, walimkuta na Jonathan West, mwenzi wake, aliyekuwa katika hatua za mwisho za UKIMWI. Bangi iliyopatikana ilikuwa wakia nne. Jonathan alifika mahakamani akiwa hajiwezi, akatoa ushahidi kwamba ile bangi ni yake, ni dawa yake. Kesi ikafutwa. Baada ya muda mfupi akafariki.

Peron alipeleka huzuni ile kwenye sanduku la kura. Novemba 1991 wakazi wa San Francisco waliulizwa, katika Pendekezo P, kama jimbo liwaruhusu wagonjwa kutumia bangi kama dawa. Karibu watu 8 katika kila 10 wakasema ndiyo. Kura ile haikuwa na nguvu ya sheria, ila iliwaambia polisi wa jiji ni upande gani raia wamesimama. Ndipo Peron akafungua klabu ya kununulia bangi ya wagonjwa, kwanza katika nyumba ndogo, kisha mtaa wa Church, na hatimaye, 1995, katika jengo la ghorofa tano, namba 1444 Market Street, mwendo mfupi kutoka ukumbi wa jiji.

Mzee alijiunga wakati iko Church. Uliingia na barua ya daktari inayotaja ugonjwa wako. UKIMWI, saratani, ugonjwa wa macho wa presha, kifafa, maumivu ya uti wa mgongo. Ukapewa kadi. Kununua kulichukua dakika tano. Halafu, anasema Mzee, hakuna aliyeondoka. Kulikuwa na makochi makuukuu, meza, watu wenye viti vya magurudumu, mashine za oksijeni, bibi mwenye saratani ya titi akifuma, kijana asiyeona tena akisomewa gazeti. Msokoto ulizunguka. Kila mtu aliyekuwa amepewa kikombe chake mahali fulani, pale alipokea kitu kilichotoka mdomoni kwa mwenzake, akakitia kinywani mwake, akakipitisha.

Mwenzi wa Mzee alifariki 1994. Majuma mawili baada ya mazishi Mzee alirudi kochini, na hakuna aliyemuuliza yuko wapi yule mwingine. Wakasogea, wakampisha nafasi, wakamletea msokoto. Niliposikia hayo nilitambua kitu. Ni matanga. Ni kikapu cha kahawa. Watu wale, ambao wengi wao walikuwa wamefukuzwa na mama zao, walikuwa wamejitengenezea upya, katika jengo la kukodi, ile desturi ambayo sisi tulikuwa nayo tangu babu zetu na tukaikunja kwa hofu wakati tulipoihitaji kuliko wakati wowote.

Serikali ya shirikisho, wakati huo, ilikuwa na mpango wake mdogo. Tangu miaka ya 1970 iliwapa wagonjwa wachache misokoto iliyotoka shamba la Chuo Kikuu cha Mississippi. Wagonjwa wa UKIMWI walipoanza kuomba kwa wingi, mwaka 1992, ikawafungia mlango waombaji wapya wote. Hivyo klabu ya Peron ilijaa. Na pamoja na wagonjwa wa kweli waliingia pia wenye barua za kughushi. Mzee hafichi hilo. Anasema ukifungua mlango kwa wenye kiu, hata asiye na kiu atakunywa.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1996, maafisa wa dawa za kulevya wa jimbo, chini ya Mwanasheria Mkuu Dan Lungren, waliivamia klabu na kuifunga. Haikuwa bahati kwamba ilikuwa miezi mitatu kabla ya kura. Peron na wenzake walikuwa wamekusanya sahihi za kuwafanya wapiga kura wa California nzima waamue, na swali lilikuwa limeshapewa namba, Pendekezo la 215. Uvamizi ule uliwageuka waliouagiza. Mchoraji Garry Trudeau aliingiza habari ile kwenye vibonzo vyake vya Doonesbury, na Lungren akawaomba wenye magazeti wasivichapishe. Watu wakavitafuta zaidi. Tarehe 5 Novemba 1996 California ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwaruhusu wagonjwa kutumia bangi kwa ushauri wa daktari, kwa asilimia 55.6 ya kura.

Klabu ilifunguliwa tena Januari 1997. Mahakama zikaendelea kuiandama, na mwaka 1998 amri ya kuifunga ikatekelezwa moja kwa moja. Sheria iliyozaliwa ndani ya jengo lile ililinda mgonjwa na mlezi wake, haikulinda kochi. Kwa miaka mingi iliyofuata mgonjwa wa California aliweza kununua bangi dukani na kwenda nayo nyumbani, akavute peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Kibanda cha uani kilirudi, kikiwa na risiti.

Katika miaka ile ile dawa nazo zikafika. Mwaka 1996 mchanganyiko mpya wa vidonge ulianza kuwainua watu vitandani, na Mzee alikuwa mmoja wa walioinuka. Aliondoka na uhai wake na miguu iliyokufa ganzi na kuungua usiku, kovu la vidonge vya mwanzo. Dakta Abrams hatimaye alipata ruhusa, na mwaka 2007 akachapisha utafiti juu ya wagonjwa 50 wenye maumivu hayo hasa ya mishipa. Waliovuta bangi maumivu yao yalipungua kwa asilimia 34, wa misokoto iliyotolewa kilevi kwa 17. Hii ndiyo sababu Mzee bado anaitumia. Mimi ndiye ninayemkanda miguu hiyo saa tatu usiku, na ninajua usiku upi amepata na upi amekosa.

Mary alifariki Aprili 1999, akiwa na miaka 76. Peron alifariki tarehe 27 Januari 2018, majuma manne tu baada ya California kuanza kuuza bangi kwa mtu mzima yeyote, chini ya Pendekezo la 64 la 2016. Pendekezo hilo ndilo lililoruhusu majiji kutoa vibali vya sebule kama ile tuliyokaa. Peron alilipinga. Kwake kila matumizi yalikuwa tiba, na alihofia kwamba biashara itamsukuma mgonjwa pembeni.

Hofu yake haikuwa ya bure. Soko jipya lilipoanza, kodi zilitozwa hata kwa bangi iliyogawiwa bure, na vikundi vilivyokuwa vikiwapa maskini na wenye kufa bila malipo vikaelemewa. Mfano wa vikundi hivyo ni ushirika wa Santa Cruz aliouanzisha Valerie Corral, ambao wagonjwa wake walilima wenyewe na kugawana, na ambao mwaka 2002 maafisa wa shirikisho waling'oa mashamba yake. Ilibidi sheria nyingine itungwe. Ilitiwa saini Oktoba 2019, ikaondoa kodi kwa bangi inayotolewa sadaka kwa mgonjwa, na ikapewa majina ya watu wawili: Dennis Peron na Brownie Mary. La kwanza ni la muuzaji, la pili ni la mpishi wa keki, na sheria inahusu kugawa bure. Nimeipenda kuliko zote.

Nilimuuliza Mzee, tukiwa bado tumekaa, kama amekiona alichokuja kukitafuta. Alitazama huku na huku. Vijana wanne walikuwa wakicheza karata. Mwanamume mmoja alikuwa na kompyuta yake na kidude masikioni. Wapenzi wawili walipigana picha. Hakuna aliyefanya kosa lolote, na mimi, niliyekuja na hukumu za utotoni, sikuona mwendawazimu hata mmoja. Bado nawaambia wanangu kile ninachokiamini, kwamba bangi si mchezo kwa kichwa ambacho hakijakomaa. Lakini nilichokuwa nakitazama pale ni watu walioketi bila kufichana.

"Viti ni vizuri kuliko vyetu," akasema Mzee. Kisha akaongeza: "Ila hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini."

Nikafikiri hilo ndilo jibu. Mmea upo, kibali kipo, kochi lipo. Kilichopungua ni swali la hali. Kwetu tunaanza nalo kabla ya jambo lolote: hujambo, habari za nyumbani, mgonjwa anaendeleaje. Ningependa wenye sebule hizi, wanapopika chakula na kuleta muziki, wakumbuke pia kwamba chumba chao kilifunguliwa na watu waliokuwa wakifa, na waache kochi moja kwa ajili ya mgonjwa asiye na fedha. Sheria ya 2019 inawaruhusu.

Binti wa glavu alikuja kukusanya vyombo. Mzee akamwomba ile mashine ijazwe kwa mara ya mwisho, kidogo tu. Alipomaliza, akamuuliza yule binti mama yake hajambo. Binti akasimama, akashika kiti. Mama yake yuko hospitali, akasema, tangu Jumanne. Akavuta kiti, akakaa nasi dakika kumi hivi, akaeleza.

Tulipotoka giza lilikuwa limeingia. Nilimfunga Mzee mkanda, nikaendesha taratibu kwenye Market Street. Tulipokaribia namba 1444 aliniomba nisimame. Akateremsha kioo, upepo wa baridi ukaingia.

"Niambie," akasema. "Walitangulia, lakini walikufa vijana. Sasa mimi ni mkubwa kuliko wote. Ni nani anamwamkia nani?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia kwamba kwetu aliyetangulia ameshakuwa mzee, hata akiwa mtoto.

Akaweka mkono mlangoni, akaielekeza sauti yake kwenye giza la ghorofa zile. "Shikamooni," akasema.

Salamu haiachwi hewani. Nikawaitikia wao, na mjomba pia.

"Marahaba."